Simu Imedumbukia Kwenye Maji, Nifanyeje? Majibu ya Maswali Yenu

SWALI: Kaka fundi shikamoo. Simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo ya maji nikaitoa fasta, ilikua bado inawaka, nikaifukia kwenye mchele usiku kucha. Asubuhi ikafanya kazi kidogo alafu ikazima moja kwa moja, sasa hata chaji haipokei. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, pole sana. Maji peke yake hayaui simu haraka hivo, kinachoua ni maji na umeme kukutana. Maji ya bomba yana chumvichumvi ndani yake na hizo ndo zinapitisha umeme, sasa kama simu imewaka betri inaendelea kupeleka moto kwenye bodi (ile sahani ya ndani yenye saketi za simu), umeme unapita njia ambazo sio zake, pengine unapiga shoti hapohapo na pengine shaba inaanza kuliwa taratibu. Mimi simu za namna hii nikizifungua nakuta ukijani na unga mweupe umeganda pembeni ya viungio, na pini za kuchajia zimekua nyeusi. Kutu hiyo haisubiri wiki ipite.

Kwa hiyo ulipoitoa ikiwa inawaka hapo ndo palikua pa kuiokoa. Izime palepale, usianze kujaribu kama spika inalia au kamera inapiga, we izime tu. Toa kava, toa laini na memori kadi, ifute kwa kitambaa kikavu, elekeza tundu la chaji chini uigongegonge taratibu kwenye kiganja maji yatoke, alafu iache sehemu kavu inayopita upepo, feni ikiwepo ni nzuri zaidi. Usiipulize kwa mdomo na usitumie draya ya nywele, joto linalegeza gundi na ule upepo unasukuma maji yaende ndani zaidi. Chaji ndo kabisa usiguse.

Kuhusu mchele naomba tuachane nao jamani. Maji yamejificha chini ya bodi, mchele uko nje ya kava, utayavutaje? Kinachoingia kwenye tundu la chaji ni vumbi na chenga zake, ndo maana hata Apple kwenye maelekezo yao wanakataza kuweka iPhone iliyolowa kwenye mchele. Watu wanaona simu imepona wanasifia mchele, wakati simu ingepona hata ikiachwa mezani tu, muda ndo umefanya kazi.

Kwa hapo ulipofika usiendelee kuilazimisha chaji. Mpelekee fundi mwenye uwezo wa kuifungua, aitoe betri kwanza, alafu asafishe bodi kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 kwenda juu na brashi laini. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi mno. Na ikiwaka tu, kabla ya kitu kingine chochote hamisha picha na namba zako zote, maana simu iliyolowa inaweza kuwa nzima leo, baadae ikazima bila taarifa.

SWALI: Nimemwaga chai ya maziwa kwenye kibodi ya laptopu, nikaifuta juujuu, inafanya kazi ila herufi zingine zinanata. Niendelee kuitumia?

JIBU: Hapana dada, izime sasa hivi. Chomoa chaja, kama betri inatoka itoe, alafu ifungue uipindue kibodi iangalie chini. Chai ya maziwa ni mbaya kuliko maji matupu, maji yakikauka yanaacha kidogo ila sukari na maziwa vinabaki vimeng'ang'ania kwenye bodi na vinaendelea kuvuta unyevu. Hiyo lazima ifunguliwe isafishwe, kukauka peke yake hakutoshi. Kibodi inaweza isipone, lakini inabadilishwa. Bodi ndo ya kuiwahi.

SWALI: Simu yangu ina IP68, ile alama ya kinga ya maji na vumbi, naweza kuogelea nayo baharini nipige picha?

JIBU: Usifanye hivo ndugu yangu. IP67 maana yake ilipimwa mita 1 kwa dakika 30, IP68 ni zaidi ya hapo kwa kina na muda anaoutaja mwenye kiwanda, na vipimo vinafanyika kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yametulia, simu ikiwa mpya. Yako imeshaanguka mara ngapi? Imeshabadilishwa kioo? Ile mipira na gundi za ndani zinazozuia maji vinachoka, na hakuna alama itakayokuonyesha vimechoka mpaka maji yaingie. Ikilowa maji ya bahari au soda kwa bahati mbaya, izime uisuuze kidogo kwa maji safi ndo uikaushe, ila hiyo ni kwa simu zenye kinga hiyo tu. Na usihesabie warantii, simu nyingi ndani zina kistika cheupe kinachogeuka chekundu kikilowa, fundi wa kampuni anakiangalia hicho kwanza.

SWALI: Flashi imefuliwa pamoja na suruali. Kazi zangu zote ziko humo!

JIBU: Tulia, hiyo ina nafasi kubwa ya kupona kwa sababu haina betri, haikua na umeme wakati inalowa. Iache ikauke vizuri hata siku mbili tatu ndo uichomeke, kuichomeka mbichi ndo kutaiua. Ikisoma kopi kila kitu palepale. Ila kama ni "hard disk", ile ya kutunzia data yenye sahani inayozunguka ndani, hiyo usiijaribu kabisa, wapelekee wanaookoa data.

SWALI: Simu ilipona, ila mgongo umeanza kuinuka.

JIBU: Hiyo ni betri imevimba. Usiichaji tena, usiiminye wala kuitoboa, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto uipeleke kwa fundi leo hii.