Burundi si ngoma tu

Tangu nitaje hapa kwamba nakusanya rekodi za zamani za muziki wa asili wa Burundi, maswali yananifuata hadi sokoni Mwanga, Kigoma. Leo nayapunguza.

Kila nikitafuta muziki wa Burundi napata ngoma. Hawana kingine? (Msomaji, Ujiji)

Wanavyo tele, ila ngoma ndiyo iliyojaliwa kusafiri. Inasikika kilima cha pili, ilikuwa ya mwami, yaani mfalme, na mwaka 2014 UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wewe tafuta inanga. Ni gogo lililochongwa likawa kama kihori, refu kiasi cha mita moja. Juu yake unapita uzi mmoja mrefu, zamani ukitengenezwa kwa utumbo wa ng'ombe, unaokwenda na kurudi kwenye meno ya mbao mpaka unakuwa nyuzi kadhaa. Na mpigaji haimbi, ananong'ona! Kirundi ni lugha ya toni: neno lilelile ukilipandisha au kulishusha sauti, maana inageuka. Sasa mnong'ono hauna toni, kwa hiyo nyuzi ndizo zinazopanda na kushuka kwa niaba ya mdomo.

Mara ya kwanza niliisikia usiku, umeme umekatika, kwenye redio ya betri. Nilidhani kuna mtu chumbani. Usiisikilize kwa spika ya simu, hutaambulia kitu. Vaa hedifoni.

Inanga ndiyo nanga ya meli? (Kijana wa bandarini)

Hapana, ndugu yangu. Inanga ukiitupa ziwani huipati tena.

Babu yangu, Muha wa Kasulu, anasema inanga ni yetu, Warundi wameichukua. Ni kweli?

Kwanza mpe shikamoo yangu. Halafu mwambie taratibu kwamba Wanyarwanda wanayo, na Wahaya wanayo pia, wao huiita enanga. Muha na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani, na hadi Vita Kuu ya Kwanza Kigoma na Urundi zilikuwa ndani ya koloni moja la Mjerumani. Mpaka wa nchi umekuta chombo kipo tayari. Lakini kama mzee bado anaipiga, acha ubishi, mrekodi wiki hiihii. Mwanzoni aseme mwenyewe jina lake, kijiji, mwaka, na nani alimfundisha.

Mbona unasisitiza majina kila mara? Muziki si ni wa wote?

Subiri nikusimulie. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, Wafaransa, walirekodi wapiga ngoma kijijini Burundi, na santuri ikatolewa na Ocora, kampuni ya Ufaransa ya kutoa santuri. Mwaka 1971 Michel Bernholc, naye Mfaransa, akazichukua ngoma zile, akazitia piano na gitaa, ikawa Burundi Black, ikachezwa kwenye kumbi za starehe Ulaya. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Canada akazitumia kwenye The Jungle Line. Umeona nilivyowataja wote, hadi wa piano? Sasa muulize shabiki yeyote wa nyimbo hizo amtaje japo mmoja kati ya walioshika mirisho, vile vijiti vya kupigia ngoma, siku ile na kutokwa jasho. Atakutazama tu. Ndiyo maana nasisitiza.

Wanawake wa Burundi hupiga ngoma hizo?

Amri ya rais ya mwaka 2017 inawakataza, wanaruhusiwa kucheza. Sikubaliani nayo, lakini ndiyo iliyopo. Wanawake wana akazehe, maamkizi ya kuimba. Wakiwa wawili, sauti zinapishana haraka hata hujui hii ya nani. Mimi nikiambiwa nichague kati ya akazehe moja na ngoma ishirini, sifikirii mara mbili.

Marehemu baba alirekodi arusi Kibondo kwenye kaseti. Sasa sauti hafifu, kama mtu kajifunika blanketi. Niitupe?

Usithubutu, mama. Tazama mdomoni mwa kaseti: kuna kisponji kidogo juu ya kibati. Kikibanduka, utepe haubani vizuri kwenye hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, na sauti inakuwa hivyohivyo unavyoeleza. Toa kingine kwenye kaseti mbovu usiyoihitaji, kibandike kwa tone la gundi, likauke kabisa. Futa hedi kwa pamba yenye spiriti. Zungusha kaseti yote mbele, uirudishe nyuma, ndipo uipige. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, huo ni ukungu: usiipige kabisa, itachafua redio na kaseti nyingine zote.

Ikikubali, pitisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, uhifadhi kwanza kama faili la WAV, lisilobana sauti. MP3 fanya baadaye, ya kuwatumia ndugu kwenye simu. Na kaseti usiiache kwa fundi. Mimi niliwahi kuiacha moja, nikarudishiwa flashi yenye upande A peke yake. Nilipouliza kaseti iko wapi, akanionyesha pipa, na lilikuwa limeshamwagwa asubuhi.