Jibu: Meseji za WhatsApp kugoma kwenye Wi-Fi ya nyumbani

Mkuu wa Nyegezi, umesema ukiwa na bando la simu WhatsApp inakubali, ila ukishika Wi-Fi ya nyumbani meseji zinabaki na kile kisaa, huku tovuti zinafunguka vizuri. Basi simu yako haina kosa, kaangalie fayawoli (ulinzi unaochuja mawasiliano) ya ruta, kile kifaa kinachotoa Wi-Fi.

Tovuti hupita poti (mlango wa mawasiliano wenye namba) 443. WhatsApp nayo huitumia, pamoja na 5222, na kupiga kwa sauti hutumia zaidi poti 3478 ya UDP (njia ya kutuma data kwa haraka). Mimi hapa Kirumba niliikuta fayawoli yangu imewekwa kiwango cha juu kabisa: meseji zinapenya mojamoja, kupiga ndiyo usahau.

Ingia kwenye ruta kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, mara nyingi ni 192.168.1.1, tafuta sehemu ya usalama, ishushe fayawoli hadi kiwango cha kati, kisha uizime ruta na kuiwasha tena. Usifungue poti za kuingia kutoka nje, wala usiiue fayawoli yote hata fundi wa mtaani akikushawishi. Simu yako ndiyo inayoanza mawasiliano, na majibu hurudi kwa njia hiyohiyo.

Ikigoma bado, cheki udhibiti wa watoto humohumo kwenye ruta. Huenda kuna mtu aliifungia WhatsApp humo akasahau.