Nimeapgredi Debian, sasa Dolphin na Okular zinajifunga zenyewe. Nifomati?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina steshenari huku Ujiji, kompyuta ya kazi inatumia Debian (aina ya Linux) na KDE (ndiyo madirisha na menyu zake). Nilikuwa Debian 12 nikaapgredi kwenda 13, ikamaliza bila kulalamika. Ila sasa Dolphin ya kufungulia mafolda na Okular ya kusomea PDF nikifungua zinatokea kidogo halafu zinapotea, wakati Firefox na VLC zinapiga kazi kama kawaida. Nimezifuta na kuziweka upya kwa apt (amri ya kuweka na kutoa programu), nikafanya hadi purge, wapi. Fundi mmoja hapa mjini Kigoma kasema ni virusi, dawa ni kufomati. Nifanyeje, wateja wa kuprinti PDF wananikimbia.

JIBU: Dada, usifomati. Na hiyo purge ndo imefanya nikujibu wewe kwanza, maana hapa Tabora kila nikiletewa laptopu ya Linux iliyogoma baada ya apgredi mwenyewe ananiambia hivyohivyo, nimefuta nimeweka upya imegoma, kwa hiyo imekufa. Haijafa. Apt inashughulika na vitu ilivyoweka yenyewe, vya kwenye /usr na /etc na sehemu nyingine za mfumo, na purge inaongeza tu kufuta mipangilio ya mfumo. Folda yako ya home haiigusi. Sasa mipangilio ya Dolphin iko wapi? Iko ~/.config/dolphinrc (alama ~ ndiyo hiyo home yako), ya Okular ipo okularrc humohumo, na mambo ya themu na fonti za KDE nzima yako kdeglobals. Ulichofanya ni kutoa programu nzima ukarudisha programu nzima ileile, ikaenda kusoma faili lilelile la zamani, ikaanguka palepale.

Angalia zipi zimegoma na zipi zimepona. Debian 12 ilikuwa na Plasma 5.27 (Plasma ndiyo dawati la KDE) iliyojengwa juu ya Qt 5 (maktaba ya kuchorea madirisha ya programu), Debian 13 imekuja na Plasma 6.3 juu ya Qt 6, na Dolphin na Okular zimehama nayo. VLC bado iko Qt 5, Firefox haitumii Qt kabisa. Zilizogoma ni zile zilizohama tu. Virusi hawachagui hivyo, kwa hiyo huyo fundi hajaangalia, amekisia.

Fanya jaribio moja kabla hujagusa kitu. Tengeneza yuza mpya kwa sudo adduser jaribio, toka, ingia kwa jina hilo, fungua Dolphin. Ikikaa vizuri basi mfumo wako ni mzima na ugonjwa uko kwenye home yako. Rudi kwenye akaunti yako, fungua terminali, andika cd ~/.config, kisha hamisha hayo mafaili matatu moja moja kwa mv (mv kdeglobals kdeglobals.zamani) na ujaribu kila baada ya moja. Nimesema mv, sijasema rm, ukikuta siyo lenyewe unalirudisha. Mimi ningeanza na kdeglobals, kwa sababu kama uliwahi kupakua themu nzuri nzuri enzi za Plasma 5 ndimo jina lake lilimoandikwa, na vikorokoro vya Plasma 5 vingi havielewani na 6. Pia fungua ~/.profile na ~/.bashrc uone kama kuna mstari wa QT_STYLE_OVERRIDE, QT_PLUGIN_PATH au LD_LIBRARY_PATH, watu huwa wanabandika wakisahau, weka # mbele yake ili usisomwe, toka uingie tena.

Na kama hata yuza mpya inakrashi? Hapo mfumo wenyewe ndo wa kuangalia. Anza na sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt --fix-broken install, hasa kama umeme ulikatika katikati ya apgredi. Kisha coredumpctl info dolphin, amri inayosoma rekodi ya programu iliyoanguka (kama amri haipo weka pakeji ya systemd-coredump, halafu uiache Dolphin ianguke tena). Itakuonyesha maktaba za .so zilizokuwa zinafanya kazi wakati inaanguka. Jina usilolielewa liulizie kwa dpkg -S, inayotaja pakeji yenye faili hilo, likikosa mwenyewe ujue halikutoka Debian, kuna mtu alilijenga kwa mkono au kulipachika, na ndo mshukiwa wako.

Sasa hili la kufomati nataka wasome na wengine. Fundi akifomati anakopi Documents na Pictures anakwambia kazi yako ipo yote. Haipo yote. Nywila na alamisho za Firefox ziko ~/.mozilla, barua za Thunderbird ziko ~/.thunderbird, folda zinazoanza na nukta hazionekani mpaka ubonyeze Ctrl+H, na fundi asiyejua Linux haangalii huko. Mwanafunzi anaondoka na mashine safi, wiki inayofuata analia barua za chuo hazipo. Na akitokea mjanja akakopi home nzima bila kuchagua, faili bovu linarudi nalo, programu inakrashi tena, mteja anaambiwa ni hadiweya anunue nyingine! Hela ya mtu hiyo, na bando la kupakua kila kitu upya ni lake pia.

Kuna na hawa wanaotoa dawa ya sudo chmod -R 777 /. Hiyo usiiandike hata ukiambiwa na nani. Inaharibu ruhusa za faili za mfumo mzima, sudo yenyewe inaweza kukataa kufanya kazi, na funguo za SSH (za kuingilia kompyuta nyingine kwa mtandao) zinakataliwa kwa kuwa wazi kwa kila mtu. Kufungua programu za dirisha kwa sudo nako acheni, inaweza kuacha mafaili ya root (yuza mkuu wa mfumo) ndani ya home, kesho programu inashindwa kuandika mipangilio yake unadhani ni apgredi. Kama ulishafanya hivyo, dada, find ~ -user root itakuonyesha, na ukiyakuta rudisha umiliki kwa sudo chown -R $USER: ~ halafu ujaribu Dolphin tena.

Wakati unatafuta, PDF za wateja fungua kwa Firefox uprinti kutoka humo. Ikigoma kabisa nitumie yote iliyotoka kwenye coredumpctl, siyo picha ya skrini iliyokatwa nusu, na mashine usiipakie kwenye treni kuniletea Tabora mpaka niisome.