Ngozi yangu ilianza kupona nilipoacha kuipaka vitu

Jamani leo niongee wazi, mimi nimepaka mkorogo, zile krimu za kuchanganya za kung'arisha ngozi, miezi minne. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa inakaribia, kitchen party imeshapangwa, na mimi uso una madoa ya chunusi, basi nikaenda duka moja Kariakoo, dada wa pale akachota krimu hii, akakamua tyubu ile, akachanganya kwenye kopo jeupe halina hata lebo, akaniambia hii ni ya karoti tu usiogope. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Wiki ya pili nang'aa, kila mtu ananiuliza natumia nini. Mwezi wa tatu nimesimama Mbagala Rangi Tatu saa saba mchana nasubiri daladala, uso unaniunguza kama nimemwagiwa maji ya moto, vidole vimeshaota sugu nyeusi kwenye maungio, na nikiruka siku mbili bila kupaka nawashwa usiku kucha na vipele juu. Nikipaka tena, kimya. Hapo ndipo mtu anapodhani krimu inamsaidia, kumbe ndiyo inayomuumiza.

Daktari wa ngozi alinielezea taratibu na namshukuru mpaka leo. Mikorogo mingi inakuwa na steroidi kali, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au zebaki, wakati mwingine vyote kwa pamoja. Steroidi inabana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe, ndio maana uso unatulia haraka, lakini ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea, fangasi wanajificha chini yake, na ukiacha ghafla kila kitu kinarudi kwa hasira. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta weusi wa bluubluu mashavuni, yaani kinyume kabisa na ulichokuwa unakitafuta. Zebaki ndiyo iliyonitoa machozi, maana inapita kwenye ngozi mpaka kwenye figo na mishipa ya fahamu, inamfikia mtoto tumboni, na hata mtoto unayelala naye anaweza kuipata kwenye shuka na taulo. Mimi nilikuwa nalala na mwanangu.

Vitu hivi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa kwetu, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, zamani ilikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Lakini kopo lisilo na lebo huwezi kulikagua, hata uwe na macho gani.

Sasa nilichofanya. Kwanza sikuacha kwa siku moja, daktari alinipunguzia kidogo kidogo, na wewe kama umepaka muda mrefu usijiamulie mwenyewe. Halafu nikabaki na vitu vitatu tu: sabuni laini isiyo na harufu, mafuta ya mgando usiku, na mtandio mpana na losheni ya kukinga jua mchana. Basi. Wiki za mwanzo ni ngumu, nilifunika kioo cha chumbani kwa kanga, lakini ngozi inahitaji kama mwezi hivi kujibadilisha tabaka la juu na yangu ilikuwa imechoka kwahiyo ikachukua karibu mwaka.

Watu watakuambia rudi kwenye vya asili. Liwa naipenda sana, mama mkubwa ananisagia mwenyewe kwenye jiwe, ile ya dukani iliyotiwa pafyumu siigusi. Ila limao usoni hapana! Ukipaka limao au ndimu ukatoka juani unaweza kuungua mpaka malengelenge na baadaye doa jeusi la miezi. Na zile chai za detoksi zinazokuharisha siku tatu hazisafishi ngozi, ini na figo zinafanya hiyo kazi bure, wewe zipunguzie mzigo tu.

Hilo la kupunguza mzigo ndilo lililonifanya niangalie nyumba nzima. Nilikuwa nafunika wali kwa mfuko wa nailoni ili uive vizuri kama wengi tunavyofanya, nikaacha, sasa naweka sufuria nyingine juu na makaa kidogo na wali unaiva vilevile. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi ya ukuta, nikanunua ndoo ya chakula yenye mfuniko. Uji wa moto wa mtoto umetoka kwenye kopo la plastiki umehamia bakuli la bati. Jiko la mkaa halilali tena ndani hata mvua inyeshe, maana ule moshi usioonekana unaua watu usingizini, ngozi ni jambo dogo hapo. Dawa ya mende ya kupimiwa kwenye chupa ya maji sinunui kabisa, huijui ni nini na mtoto anaweza kuinywa. Mbu nawazuia kwa chandarua, kupuliza chumba kila jioni nimeacha. Mitumba naifua kabla sijaivaa, na nguo nasuuza maji mawili kwa sababu sabuni ya unga ikibaki inaniwasha mgongoni na hili joto letu na jasho ndio kabisa.

Siwezi kukuambia kipi kati ya hivyo kilisaidia zaidi, kwa ngozi naamini ni kuacha mkorogo, vingine ni kwa ajili ya mapafu na matumbo yetu.

Uso umetulia sasa. Sugu za vidoleni bado zipo, zimefifia tu.

Kama una kopo kama langu ndani usilitupe leo, lifunge vizuri kwenye mfuko, liweke mbali na watoto, na uende nalo hospitali umwonyeshe daktari ulichokuwa unapaka. Mimi langu nililitupa jalalani kwa aibu, na ikabidi daktari akisie.