Alama ya Kichina chini ya visahani vya Japani

SWALI: Salaam, mwalimu. Marehemu bibi aliniachia visahani vitano vya kaure, vyeupe, kila kimoja upana wa sentimita 9 hivi. Vimechorwa kwa buluu kobe mwenye mkia mrefu wa manyoya, na matawi ya msonobari. Ukingoni kuna mstari wa kahawia. Nimeusugua kwa stilwaya lakini hautoki. Chini kuna herufi sita, na mtu aliyezisoma anasema ni vya China, enzi ya Chenghua, ukoo wa Ming. Je, ni kweli? Cha sita kitakuwa kilivunjika? Na naweza kuvitumia mezani?

JIBU: Salaam nawe, dada. Kwanza weka chini hiyo stilwaya! Mstari huo si uchafu. Ni rangi yenye madini ya chuma, ilipakwa ukingoni makusudi kisha ikachomwa tanuruni pamoja na chombo. Wajapani huuita kuchibeni.

Aliyekusomea alisoma sawasawa, ila alikosea kuamini alichokisoma. Enzi ya Chenghua ilikuwa 1465 hadi 1487, na vyombo vyake vilisifika mno hata vizazi vya baadaye vya mafundi wa China vikawa vinaandika alama hiyo kwenye kazi zao. Wajapani nao wakaichukua. Kaure yao ilianzia Arita, kisiwani Kyushu, mwanzoni mwa karne ya 17, na waliokuwa wakiigwa hapo ni Wachina. Kwa hiyo herufi hizo ni pambo la heshima tu, tarehe usiitafute humo.

Kwangu mimi, idadi ina uzito kuliko alama. Huko Japani vyombo vya mezani kwa desturi huuzwa vitano vitano, kwa hiyo bibi hakuvunja kitu. Kobe naye ananivuta upande huohuo. Huyo ni minogame, kobe mzee kiasi kwamba mwani umemwota mgongoni na kumburuzika nyuma kama mkia. Wajapani husema korongo huishi miaka 1,000 na kobe 10,000. Msonobari haupukutishi majani hata baridi ikiwa kali, nao ni ishara ya maisha marefu vilevile. Visahani vya kiasi hicho, mamezara, huwekewa chumvi, achari au sosi ya soya.

Kuhusu umri nitakuwa mwangalifu, maana sijaviona. Lakini kuna jambo unaloweza kulifanya mwenyewe. Vipange vyote vitano juani, tazama mkia wa kobe kwa kioo cha kukuzia. Mkono wa binadamu haurudii mchoro sawasawa: nywele moja itakuwa ndefu hapa na fupi pale, na buluu itakolea pale brashi ilipotua au ilipoinuliwa. Ukiona mistari imekatika katika vipande vidogo, na mapengo yako palepale kwenye visahani vyote, hiyo ni kazi ya karatasi iliyotobolewa. Rangi ilipitishwa kwenye matundu, na mapengo ni vile vishikizo vilivyozuia karatasi isichanike. Njia hiyo ilienea sana zama za Meiji, 1868 hadi 1912, pamoja na buluu ya kiwandani kutoka Ulaya, kali na inayopiga macho. Buluu ya zamani ya madini asilia huwa imetulia, ina ukijivu kidogo. Wakusanyaji wengine huvibeza vya karatasi. Mimi navipenda, hasa pale fundi alipounganisha karatasi vibaya na kobe akapata mguu wa ziada.

Mezani vitumie bila wasiwasi. Buluu hiyo imekaa chini ya tabaka la kioo linalong'aa juu ya kaure, na chombo kizima kilichomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi, hivyo chakula hakiigusi rangi. Ila kisahani chenye ufa kitenge. Siku ukipata vyenye nyekundu, kijani au dhahabu, pitisha ncha ya kidole: ukihisi rangi imeinuka, imepakwa juu ya kioo. Vya aina hiyo vikiwa vya zamani, usiviwekee ndimu wala siki, kwa kuwa rangi hizo huweza kuwa na madini ya risasi, yenye sumu. Vyenye dhahabu usivitie kwenye maikrowevu, vitatoa cheche. Vyako vioshe kwa sponji laini, na ukivipanga kabatini weka kitambaa kati ya kimoja na kingine, kwa sababu kitako kisicho na kioo hukwaruza uso wa kilicho chini yake.