Alaska Highway kwa gari-nyumba: kama mnafuata wanyama, msikimbilie Alaska

Mkuu, umeuliza kama wewe na shemeji mkikodi gari-nyumba kwa wiki tatu na kupanda Alaska Highway mtaona wanyama kweli, au mtaishia kuona miti na lami. Umeuliza pia kama safari haina maana msipofika Denali, ile hifadhi ya taifa ya Alaska. Mimi na mke wangu tumeipita barabara hiyo kwenda na kurudi, tukipika na kulala humo humo garini, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kwa urefu.

Wanyama mtawaona, tena wengine mkiwa mmekaa kwenye viti vyenu. Denali si lazima, na kwa wiki tatu mimi ningeiacha. Barabara hii inaanzia Dawson Creek, British Columbia, huko Kanada, na kuishia Delta Junction, Alaska, zaidi ya kilomita 2,200. Jeshi la Marekani liliichonga mwaka 1942, wakati wa vita, kwa muda wa miezi michache tu. Watu wakishaona urefu huo kwenye ramani wanapanga kukata kilomita 600 au 700 kila siku ili wawahi Alaska. Kwa mwendo huo dereva anachoka, mwenzake anasinzia, na wanyama wanapitwa. Hata Denali kwenyewe, gari binafsi kwa kawaida linaishia Savage River, maili 15 tu ndani ya hifadhi. Mbele ya hapo ni mabasi, na Agosti 2021 maporomoko ya ardhi ya Pretty Rocks yaliikata barabara ya ndani karibu na maili ya 43. Unaendesha kutoka mbali kote huko, kisha unapanda basi.

Kipande nilichokipenda kuliko vyote ni kutoka Fort Nelson hadi Watson Lake. Ni kama kilomita 500, na ndicho wengi wanachokipita mbio kwa siku moja. Kipeni siku nne, tano.

Mnyama wa porini haji barabarani bila haja, na ukiijua haja yake utajua pa kutazama. Pembeni mwa barabara msitu umefyekwa, jua linafika chini, na nyasi huota mapema kuliko ndani ya miti. Dubu anapotoka usingizini baada ya miezi ya baridi, matunda ya porini bado hayapo, kwa hiyo Mei na Juni anakula majani: klova, dandelioni yenye maua ya manjano, nyasi changa. Ndiyo maana utamkuta ameinamisha kichwa ukingoni kabisa mwa lami, anakula kwa utulivu kama ng'ombe. Wengi ni dubu weusi, ingawa wengine manyoya yao ni ya kahawia na huwachanganya wageni. Usitazame rangi. Grizli, aina ya pili ya dubu wa huko, ana nundu juu ya mabega na uso uliobonyea kidogo katikati. Dubu mweusi hana nundu na uso wake umenyooka.

Kondoo wa mlimani wao wanafuata madini. Ukipita Summit Lake, ambapo barabara inafika kimo chake cha juu kabisa, mita 1,295, punguza mwendo mpaka uhakikishe unaweza kusimama ndani ya kona. Kondoo wa Stone, wenye manyoya ya kijivu cha giza na miguu yenye michirizi myeupe, hushuka kulamba chumvichumvi kwenye miamba na hata kwenye barabara yenyewe, wakiwa na wanawe. Aina hii haipatikani mahali pengine duniani ila kaskazini mwa British Columbia na kusini mwa Yukon, eneo la Kanada lililo kaskazini yake. Utawakuta tena kando ya Muncho Lake, ziwa la kijani-buluu ambalo barabara inapita ukingoni mwake huku ukuta wa mlima ukiwa upande wa pili. Hapo tulikaa sana, na mke wangu hakutaka tuondoke.

Mbele ya hapo, kuzunguka Liard River, ndipo penye baisani (bison, nyati wa Amerika) wa msituni, wale wakubwa zaidi kuliko baisani wa nyikani wa kusini. Walirudishwa eneo hili miaka ya 1990 na sasa wanatembea makundi makundi pembeni mwa barabara, wakati mwingine katikati yake. Dume ana uzito wa karibu tani moja, naye hapishi gari. Zima injini, subiri. Usipige honi, na usijipenyeze katikati ya kundi, hasa Julai mwishoni na Agosti, wakati wa kupandana, madume yanapokuwa makali. Usiku ni hatari zaidi, maana rangi yao ya giza hailionyeshi umbo lao kwenye lami mpaka umeshafika. Sisi tuliweka sharti: giza likianza, gari limeshaegeshwa.

Lalini kwenye kambi ya Liard River Hot Springs, wala isiwe usiku mmoja. Maji ya moto yanatoka ardhini kwa nyuzi joto 42 hadi 52, na njia ya mbao inakupitisha juu ya kinamasi cha uvuguvugu kabla ya kufika bwawani. Kwenye kinamasi hicho ndiko musi (moose) huja kula mimea ya majini. Musi ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu. Begani anaweza kufika mita 2. Nendeni asubuhi kabla waogaji hawajaamka, tembeeni taratibu, msiongee kwa sauti. Mkimkuta jike ana ndama, rudini mlikotoka. Wengi wanamwogopa dubu na kumdharau musi, na huko ni kukosea, kwa sababu jike mwenye mtoto hushambulia kwa kwato. Barabarani pia musi ni hatari ya pekee: miguu yake ni mirefu, gari likimgonga mwili wake unaangukia kioo cha mbele.

Kuhusu muda wa siku, kaskazini lazima mbadilishe saa zenu. Mwishoni mwa Juni, Whitehorse, mji mkuu wa Yukon, ina mwanga wa jua kama saa 19. Adhuhuri wanyama wako kivulini, nanyi ndio muda wenu wa kupika, kufua na kulala. Tulikuwa tunaendesha asubuhi mapema, tunaegesha mchana, kisha tunatoka tena kuanzia saa mbili usiku, mwanga ungali mzuri, na kurudi kambini kabla ya saa tano. Kilomita thelathini, arobaini tu, mwendo wa pole.

Hapa ndipo kuwa wawili kunapofaa. Gawaneni kazi waziwazi. Anayeendesha aangalie barabara na vioo, basi. Asiyeendesha ndiye macho: ana darubini, anatazama mstari ambapo nyasi zinakutana na msitu, anasema "kulia, mbele, mita mia mbili" ili mwenzake apunguze mapema bila kukanyaga breki ghafla, maana nyuma kuna malori ya mizigo na gari-nyumba halisimami upesi. Badilishaneni kila mara, ili mmoja asirudi nyumbani akiwa hajaona kitu. Simameni pale tu penye nafasi ya kutoka lamini kabisa, palipo wazi na mbali na kona. Palipokosa nafasi, piteni. Inauma kumwacha grizli, lakini piteni.

Na msishuke. Gari-nyumba lina dirisha lililo juu, na hicho ni kiti bora kuliko kusimama nyasini. Hifadhi za taifa za Kanada zinataka mita 100 kati yako na dubu au mbwa mwitu, na mita 30 kwa wanyama wengine wakubwa. Fuateni kipimo hicho barabara nzima. Hili la chakula naliomba kwa moyo wote: msimtupie mnyama hata ganda la tunda. Kumlisha dubu ni kosa kisheria British Columbia, na dubu aliyezoea chakula cha watu hurudi kambi baada ya kambi mpaka maofisa wanamuua. Ninyi mtaondoka na picha, yeye atauawa baadaye kwa sababu yenu. Jiko la nje, vyombo, takataka na chakula cha mbwa vyote viingie ndani kabla ya kulala.

Mambo ya gari kwa ufupi. Jazeni mafuta kila mnapokuta kituo tanki likiwa limefika nusu. Someni mkataba wa kukodi, makampuni mengi hukataza barabara za changarawe. Simu itakosa mtandao kwa saa nyingi, kwa hiyo ramani ziwe ndani ya simu tayari. Angalieni DriveBC na 511 Yukon, tovuti za hali ya barabara, kila mnapopata intaneti, kwa sababu moto wa msituni hufunga barabara. Mei 2024 mji wa Fort Nelson wote ulihamishwa watu. Dawa ya kupulizia dubu nunueni mkifika, haipandishwi kwenye ndege.

Kutoka Watson Lake endeleeni hadi Kluane Lake, magharibi mwa Whitehorse, halafu geuzeni. Kwenye mlima wa Thechàl Dhâl wanaonekana kondoo wa Dall, weupe kabisa, vizuri zaidi majira ya kuchipua na ya vuli. Kiangazi wanapanda juu na darubini inahitajika. Mwishoni mwa Julai na Agosti dubu wa huko hufuata matunda ya sopuberi karibu na kambi ya Congdon Creek, ambako eneo la mahema limezungushiwa uzio wa umeme. Ninyi wa gari mtalala ndani ya kuta ngumu.

Kurudi, shukeni kwa barabara ya Cassiar, namba 37, yenye dubu weusi wengi na magari machache. Kama ni Agosti, kateni kwenda mji wa Stewart na kuvuka mpaka hadi Hyder, kijiji cha Alaska, mkatazame dubu wakivua samoni Fish Creek kutoka kwenye jukwaa la mbao. Bebeni pasi na viza zilizo sawa, maana mkirudi upande wa Kanada mtakaguliwa. Kama safari yenu ni Juni, Hyder iacheni. Samaki watakuwa hawajapanda mto, na siku hizo mtazitumia vizuri zaidi Muncho Lake.