Mashine ya kukata maboksi, kabla hujalipa soma hapa

Kama una duka la jumla au unapaki vinyago vya watalii hapa Arusha, unajua maboksi yanavyojaa stoo mpaka mnapita kiubavu. Mi nina mashine ya kuyakata, na kila anayeiona anauliza bei. Bei baadaye jamani.

Kwanza unataka kitoke nini? Zipo zinazotoboatoboa boksi likawa kama wavu, linavutika na linakuwa laini, hiyo ndo ya kufungia vinyago na vyungu. Zingine zinatoa vipande vyembamba, nzuri kwa wa mboji na wale wanaotandikia kuku badala ya maranda. Ile ya ofisini ya karatasi achana nayo kabisa, ukiisukumizia boksi meno yanakaba na mota inaanza kunuka.

Alafu umeme, hapa ndo watu wanalizwa. Mashine kubwa nyingi zinataka fezi tatu, volti 400, wakati fremu nyingi za mjini zina fezi moja ya 230, sasa umeshalipa mzigo umeshashushwa ndo unaanza kuwafuata TANESCO. Ya fezi moja inatosha duka la kawaida ila nyingi zinahitaji kupumzika, angalia kwenye karatasi zake inaruhusiwa kukata dakika ngapi mfululizo, muuzaji akisema hiyo ndogo inapiga kazi kutwa nzima anakupiga kamba tu.

Ukienda kujaribu beba maboksi yako mwenyewe, usikubali la biskuti analokuwekea yeye. Beba lile gumu la spea za magari, lenye mawimbi safu mbili, hilo linafika kama milimita 7, la kawaida ni 3 au 4 hivi. Pima na upana wa mdomo, maana ukiwa mwembamba kijana wa stoo atashinda na kisu anachana boksi kwanza ndo aliingize, wangu alishaniambia kazi ni kuchana, kukata ni sekunde.

Selotepu bandua, inajiviringisha kwenye visu. Pini zile nene ng'oa na koleo hata kama wanasema inazikata. Yaliyoloa masika yaanike kwanza. Kitufe cha kurudisha nyuma lazima kiwepo, boksi likikwama usiingize mkono, zima chomoa kwenye soketi ndo ulitoe. Na ya mtumba sio mbaya, ila muulize visu vya spea anavyo au unaagiza Dar, akianza kuzungukazunguka we aga uondoke.